Usukani na Breki: Mapenzi ya Kutawala na Kujikabidhi, Kwenye Filamu na Kwenye Nyumba za Nairobi

Msichana ninayesuka naye saluni huku Ngara alinifuata jioni moja tukifunga, akanionyesha simu yake. Mpenzi wake alikuwa amemtumia filamu, na chini yake ujumbe mfupi: "Tazama yote, halafu uniambie kama unaweza kuwa hivi." Ilikuwa *365 Days*, ile ya Poland iliyoingia Netflix mwaka 2020. Akaniuliza, "Dada, kwani kuna watu huishi hivi?"

Nilimjibu kwamba wapo wanaopenda mmoja atawale na mwingine ajikabidhi, ila hawaishi hivyo alivyoona. Jibu hilo halikumtosha, na mimi mwenyewe halikunitosha. Ndiyo maana ninaandika.

Nazungumzia watu wazima wawili, mmoja anapenda kushika usukani na mwenzake anapenda kujikabidhi. Kwa wengine hayo yanaishia chumbani. Kwa wengine yanafika hadi nani ataamua leo kunapikwa nini. Nimeishi ndani ya mapenzi ya aina hii mara mbili. Mara ya kwanza ilikuwa na mwanamume aliyefanana sana na wale wa kwenye filamu. Ya pili ni na huyu niliye naye sasa, mwaka wa saba unakwenda. Kwa hiyo mizani ninayo, na sitajifanya sina upande.

Mambo yanaanzia wapi

Kwenye filamu yanaanzia mfukoni. Chukua *Fifty Shades of Grey* ya mwaka 2015, ambayo Bodi ya Uainishaji wa Filamu ya Kenya iliipiga marufuku Februari mwaka huohuo. Marufuku ile haikuzuia watu kuitazama. Filamu ilihama tu kutoka sinema hadi kwenye flashi, kila mtu akaitazama peke yake usiku, na hakukuwa na wa kuuliza naye maswali. Hadithi ni ya tajiri kijana wa Seattle, Christian Grey, na mwanafunzi wa fasihi, Anastasia Steele, ambaye hajawahi kulala na mwanamume. Tajiri ana helikopta, ana majumba, ana mkataba uliochapwa tayari. Gari la zamani la msichana linauzwa, naye anapewa jipya. Msichana akisafiri kwenda kwa mamake, jamaa anatokea huko huko bila kualikwa. Na muziki unapigwa kwa namna ya kukuambia kwamba hayo ndiyo mapenzi.

Huyo wa kwanza wangu hakuwa na helikopta. Alikuwa na uwezo wa kulipa kodi ya nyumba ya chumba kimoja Kilimani, na mimi nilikuwa natoka bedsita Umoja ambako maji yalikuja Jumatano na Jumamosi. Alinunua simu, akachagua nguo. Akaniambia mwanamke wake hasuki watu vichwa, nikaacha kiti changu saluni. Hakuna siku tuliyokaa tukaulizana mimi nataka nini. Nilikuwa nimetazama filamu, nikadhani mwanamume anayekujua hahitaji kukuuliza.

Kwa watu wanaoyaishi haya vizuri, mambo huanza kwa maneno, na maneno yenyewe huwa mengi hadi yachoshe. Huyu wa sasa tulianza kuzungumza tukiwa chini ya miti ya bustani ya Arboretum, mchana, nguo zetu tumevaa na akili zetu zimetulia. Tulikuwa na daftari la mtoto wa shule la kurasa 96. Upande mmoja tuliandika tunayoyataka, katikati tukaandika tusiyo na uhakika nayo, na mwisho yale ambayo hayaguswi hata iweje. Tulirudi huko wikendi tatu. Hakuna mwelekezi wa filamu angeweza kuonyesha wikendi tatu za watu wawili kwenye nyasi wakifuta na kuandika, na simlaumu.

Lakini lazima niseme ukweli kuhusu *Fifty Shades*. Kuna onyesho moja la haki mle ndani: msichana anakaa upande wa pili wa meza ndefu ofisini kwa yule tajiri, anapitia mkataba kipengele kwa kipengele, anafuta asivyovitaka. Hapo ana nguvu, na hapo filamu inakaribia maisha kuliko popote. Tena hasaini hadi mwisho. Wengi wanakumbuka chumba chekundu cha yule tajiri, chenye kamba na mijeledi, na kusahau meza ile.

Na mkataba wenyewe? Usidhani karatasi hiyo ina nguvu ya kisheria. Ni chombo cha kuwasaidia mzungumze, basi. Sheria ya Makosa ya Kingono ya Kenya ya mwaka 2006, kifungu cha 42, inasema mtu ameridhia pale anapokubali kwa hiari yake, akiwa na uhuru na uwezo wa kufanya uamuzi huo. Nilipoyasoma maneno hayo miaka kadhaa baadaye, neno lililonichoma lilikuwa uhuru. Kule Kilimani nilikubali mambo mengi. Uhuru wa kuyakataa sikuwa nao, kwa sababu ningekataa Jumatatu ningekosa pa kulala Jumanne.

Hivyo swali langu la kwanza kwa yeyote anayefikiria uhusiano huu jijini Nairobi linahusu kodi. Ukisema hapana leo usiku, kesho bado una nyumba? Una kazi? Una nauli ya kwenda kwenu? Kama jibu ni la, tengeneza hilo kwanza. Mengine yatangoja.

Breki iko mguuni mwa nani

Hapa ndipo filamu na maisha vinapoachana kabisa. Filamu inakuonyesha kwamba mwenye usukani ndiye mwenye kila kitu. Wanaoishi haya wanajua kwamba breki hukaa kwa yule anayejikabidhi, na siku breki ikinyang'anywa, jina la uhusiano hubadilika hapo hapo.

Breki yenyewe ni neno mlilokubaliana. Linapotamkwa, kila kitu kinasimama, bila mjadala, bila kununa. Kwa nini lisiwe "hapana" au "wacha"? Kwa sababu wapo wanaopenda kusema "wacha" kama sehemu ya mchezo, na mchezo ukikutana na maumivu ya kweli lazima pawe na neno lisiloweza kusikika vibaya. Wazungu wengi hutumia rangi za taa za barabarani. Kwenye *Fifty Shades* pia ni njano na nyekundu. Sisi ni watu wa matatu. Neno letu la kupunguza mwendo ni "matuta", na la kusimama ni "shukisha". Hakuna Mnairobi anayesikia "shukisha" akauliza maana yake. Na kwa nyakati ambazo sauti haitoki, tumekubaliana kugonga mara tatu, kitandani au ukutani au mwilini mwake, kama konda anavyogonga bodi.

Sasa angalia mwisho wa *Fifty Shades*. Msichana anaomba aonyeshwe ukali wa mwisho. Anapigwa mkanda mara sita, anahesabu akilia, na neno halitamki. Anaondoka. Watazamaji wengine husema, "Si alikuwa na neno? Mbona hakulitumia?" Swali hilo linanikera, kwa sababu linamwekea mzigo wote yeye. Katika maisha, mwenye usukani anayeona mwenzake analia namna ile hangoji neno. Anasimama mwenyewe, anauliza. Mtu mgeni katika mambo haya mara nyingi hushindwa kulitamka: anaogopa kumkatisha tamaa mwenzake, au mwili unaganda. Dereva mzuri hangoji abiria wapige kelele ndipo aone shimo.

Mimi kule Kilimani neno nilikuwa nalo. Lilikuwa "imetosha". Usiku mmoja nililisema mara nne. Sitaeleza zaidi ya hapo, ila nilielewa kwamba tulichokuwa nacho hakikuwa kile nilichodhani, na nadhani hakikuwa tangu siku ya kwanza.

Nyumbani sasa neno linatumika mara kwa mara, na mara nyingi kwa mambo madogo: mguu umeingia ganzi, jirani amegonga mlango akiulizia tokeni za stima, nimemkumbuka mteja niliyesahau kumjibu. Tunasimama. Hakuna anayeulizwa kwa nini. Kama neno halijawahi kutumika kati yenu, lijaribuni siku ambayo hakuna shida yoyote, mwone kinachotokea usoni mwa mwenye usukani. Uso huo utakwambia mengi.

Mwili si wa maonyesho

Nitapita haraka hapa, lakini usipite haraka unaposoma. Kwenye filamu kamba inafungwa kwa sekunde tatu na mtu anaachwa peke yake chumbani. Waigizaji wana watu wa kuwaangalia, na kamera inaweza kuzimwa. Maishani kamba iliyokaza vibaya inaweza kudhuru neva za mkono kwa muda mrefu. Ndiyo maana wenye uzoefu huwa na mkasi karibu na hawamwachi aliyefungwa hata dakika ya kuchemsha chai. Mgongoni upande wa chini kuna figo, hapapigwi. Na shingo iacheni. Filamu na video za mtandaoni zimefanya kukaba shingo kuonekana kama busu la nguvu, ilhali damu ikizuiwa kwenda kwenye ubongo mtu huzimia kwa sekunde chache, na madhara kama kiharusi yanaweza kuja saa au siku baadaye. Hakuna namna salama ya kukaba mtu shingo.

Wala usitegemee kwamba "tulikubaliana" kutamaliza kila kesi. Uingereza, mwaka 1993, Mahakama ya Juu ya huko wakati huo, yaani Baraza la Mabwana, iliamua katika kesi ya R v Brown kwamba ridhaa si utetezi pale mtu anapoumizwa mwili kwa kweli. Mahakama zetu hazifungwi na hukumu za Uingereza, lakini huzisoma.

Nani anajikabidhi

Filamu nyingi zina jibu moja: mwanamume ni bosi, mwanamke ni chini, na wote wawili ni wagonjwa. Christian Grey ana makovu ya utotoni, na hadithi inatuambia kwamba ndiyo maana anapenda anayoyapenda, na kwamba mapenzi ya kweli yatamponya. Katika *Secretary* ya 2002, Lee Holloway ametoka hospitalini, anajikata mwili, ndipo anapata kazi kwa wakili. Filamu hiyo ina upole ambao *Fifty Shades* haina, na mwishoni inamwacha Lee aishi maisha anayoyataka yeye. Bado inaanza na kidonda.

Wataalamu wa akili wenyewe wamesogea kutoka hapo. Mwongozo wa Marekani wa kutambua magonjwa ya akili, toleo la tano la mwaka 2013, unatenganisha mapendeleo ya mtu na ugonjwa. Kinachotazamwa ni kama mtu anateseka kwa sababu yake au anamdhuru mtu, au kumhusisha asiyeridhia. Kupenda tu hakutoshi kumwita mtu mgonjwa.

Na kuhusu jinsia, maisha yamechanganyika kuliko filamu. Saluni nimesikia mengi, maana mikono ikiwa kichwani mwa mtu kwa saa tano, mdomo wake hufunguka. Wapo wanaume wanaoamrisha watu kutwa nzima kazini, na wanachotamani jioni ni mtu mwingine aamue. Hawasemi, kwa sababu mji huu una neno la kuwamaliza: amekaliwa chapati, yaani anatawaliwa na mkewe. Neno hilo limewafungia wanaume wengi ndani ya nafasi ambayo hawaitaki, na limewafanya wake zao wasijue kamwe.

Hapo ndipo ninapoisifu *Babygirl*, ya Halina Reijn, ya mwaka 2024. Nicole Kidman ni mkurugenzi mkuu wa kampuni, na anayeshika usukani ni kijana mwanagenzi. Wanababaika. Wanacheka katikati. Kuna wakati hakuna kati yao anayejua la kufanya, na hilo ndilo jambo la kweli kuliko yote niliyowahi kuona kwenye skrini kuhusu mambo haya. Kasoro yake ni kwamba mambo yanatokea kazini. Bosi na mwanagenzi, au wakili na katibu wake kama kwenye *Secretary*, hawaanzi wakiwa sawa. Hapa Kenya, Sheria ya Ajira ya 2007 inakataza unyanyasaji wa kingono kazini, na inamtaka mwajiri wa watu 20 au zaidi awe na sera ya maandishi kuhusu hilo. Kilicho kitamu kwenye filamu kinaweza kuwa kesi ofisini, na aliye na mshahara mdogo ndiye atakayeumia kwanza.

Kuna jambo jingine ambalo filamu za nje haziligusi kwa sababu si lao. Huku kwetu mwanamume anaweza kusema, "Mwanamke anafaa kunyenyekea, hata mila zinasema," kisha akaita hayo uhusiano wa kujikabidhi. Hayo si mamoja. Kujikabidhi ni zawadi, mwenye nayo anaitoa na anaweza kuirudisha. Unyenyekevu unaodaiwa ni ushuru. Ukimwuliza mwanamume wa namna hiyo yeye ana wajibu gani juu ya usalama wako, ataona umemtukana.

Baada ya taa kuwaka

Kamera huondoka mapema mno. Inakata hadi asubuhi, juisi ya machungwa, shuka nyeupe. Maishani saa moja inayofuata ndiyo yenye kazi kubwa. Mwili uliokuwa umekaza unaanza kutetemeka, mtu anaweza kulia bila huzuni, au kuhisi baridi. Mwenzangu hunifunga leso, anatengeneza chai ya tangawizi yenye sukari nyingi, na tunakaa bila kusema. Siku ya pili au ya tatu huwa na mawingu yake, kwa hiyo ananipigia saluni mchana kuuliza nikoje. Na mimi namuuliza yeye, kwa sababu kushika usukani kunachosha moyo pia. Wengi hawalijui hilo.

Ungetaka kipimo kimoja cha kuwatofautisha wanaume wangu wawili, kingekuwa hicho. Wa kwanza alikuwa akigeuka ukutani na kulala.

Ile aliyotumiwa rafiki yangu

*365 Days* nimeiacha nyuma makusudi. Massimo, bosi wa mafia wa Sicily, anamteka Laura na kumpa siku 365 ampende. Anasema hatamgusa bila ruhusa, huku akimgusa. Laura anaishia kumpenda. Mwaka huohuo wa 2020, mwanamuziki wa Wales, Duffy, ambaye alikuwa ametangaza kwamba aliwahi kubakwa na kushikiliwa mateka, alimwandikia Reed Hastings wa Netflix barua ya wazi akipinga filamu inayopamba utekaji. Mimi nipo upande wake kabisa.

Maana filamu ile haina cha kulinganishwa na uhusiano wa kutawala na kujikabidhi. Hakuna breki. Mlango umefungwa. Na usidhani ni mambo ya Sicily tu. Kushika laini yako ya simu, kudai taarifa za M-Pesa yako, kukukataza kazi, kukufuata ulipo, kukutenga na ndugu zako: Sheria ya Ulinzi Dhidi ya Ukatili wa Nyumbani ya mwaka 2015 inatambua ukatili wa kiuchumi, wa kihisia na wa kumwandama mtu, pamoja na kipigo. Mimi nilikuwa na karibu yote hayo na nilikuwa nikiyaita mapenzi makali. Nambari 1195, ya simu ya msaada kwa waliofanyiwa ukatili wa kijinsia, haitozwi pesa, na inapokewa usiku na mchana. Iandike mahali ambapo hatatazama.

Kama ni lazima mtazame pamoja

Mpenzi akitaka muanze kwa filamu, chagueni *Babygirl*, na mkifika kwenye maonyesho ya kazini simamisheni mzungumze. *Secretary* ni ya pili, kwa yule ambaye hana historia ya kujiumiza, kwa sababu maonyesho yake ya mwanzo yanaweza kurudisha mambo mabaya. *Fifty Shades* tazameni ile meza ndefu. *365 Days* msiianze. Na anayekutumia hiyo kama mfano wa anachotaka, muulize ni kipande gani hasa kilichomvutia. Wengine watasema nguo, bahari, au namna Massimo anavyomtazama Laura, na hapo kuna la kuzungumza. Wengine watasema kwamba mwishoni Laura hakuwa na pa kwenda.

Rafiki yangu aliyasikia haya yote nikimsuka, katikati ya wateja, kwa sauti ya chini. Nilimwambia aanze na jambo moja dogo: wachague neno, kabla ya kitu kingine chochote.

Wiki mbili baadaye alikuja kazini mapema, akaweka maji jikoni. "Nilimwambia tuchague neno kwanza," akasema. "Akaniuliza kwani simwamini."

Nikamuuliza alimjibu nini.

"Nilimwambia hapo hapo ndipo stage yangu, dada. Nikashuka."